Minara Imekwenda, Alama Zimebaki

Mwezi Novemba 2007, studio ya Ubisoft ya Montreal nchini Kanada ilitoa gemu inayoitwa Assassin's Creed. Mhusika wake mkuu, Altaïr, anaishi mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba, na kazi yake inamzungusha katika miji mitatu: Dameski, Acre na Yerusalemu. Kila aingiapo mtaa mgeni, ramani yake imefunikwa na ukungu. Ili auondoe, hana budi kutafuta jengo refu kuliko mengine, mnara wa msikiti au wa kanisa, na kulikwea kwa mikono mitupu, dirisha hadi dirisha, mpaka kileleni. Huko juu anachuchumaa ukingoni, mchezaji anabonyeza kitufe, kamera inamzunguka taratibu, tai anapiga ukelele, na mji wote unatandazwa chini yake. Ramani inafunguka. Kisha Altaïr anakunjua mikono na kujirusha, akaangukie kwenye mkokoteni wa majani makavu.

Miaka michache baadaye kitendo hicho kilikuwa kimeenea katika gemu za kila namna, hata za studio ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na Ubisoft. Leo mambo yamegeuka. Gemu ya dunia huru, yaani ile inayomwachia mchezaji aende atakako, husifiwa kwa kutokuwa na minara. Maelezo yanayotolewa ni mafupi: minara ilichosha, watu wakaikinai, ikaondolewa. Ni maelezo ya kweli, ila hayafiki kwenye mzizi. Mnara haukuuawa na wingi peke yake. Ulianza kufa siku ulipoacha kuwa mahali pa kutazama ukawa swichi ya kuwashia alama. Na wengi wa wale walioung'oa wameziacha alama zilezile zikiendelea kuota bila mnara.

Tuanze na swali ambalo mnara ulikuja kulijibu. Dunia za gemu zilipopanuka kupita uwezo wa mtu kuzikariri, wabunifu walilazimika kuamua mchezaji atajuaje pa kwenda. Grand Theft Auto III ya mwaka 2001 iliweka kiramani cha duara pembeni mwa kioo. Morrowind ya mwaka 2002 ilitumia maneno: mwenyeji anakwambia ufuate njia, uvuke daraja, ukiona mwamba fulani ukate kushoto, na maelezo yake yanaandikwa katika daftari lako. Usipomsikiliza vizuri unapotea. Crackdown, iliyotoka Februari 2007, ilitawanya mipira 500 ya kijani inayong'aa juu ya mapaa ya mji. Ukiuona mng'ao unapanda kuufuata, na kila mpira unakuongezea uwezo wa kuruka. Haikukukabidhi ramani pale juu. Ilikupa sababu ya kuinua macho.

Assassin's Creed ilichukua kazi ya mwili, fahari ya mandhari na elimu ya ramani, ikazifunga pamoja katika tendo moja. Na ilifanya hivyo kwa kiasi. Kabla ya kuanza uchunguzi, Altaïr hupita kwenye ofisi ya siri ya chama chake, na mkuu wa ofisi humweleza kwa maneno wapi aanzie, karibu na soko gani au kanisa gani. Mchezaji aliyepanda mnara akiwa na maneno hayo kichwani alikuwa na neno la kutafuta. Alama zilizotokea kwenye ramani zilikuwa za aina chache: wazungumzaji wa kutegewa sikio, barua ya kuibwa mfukoni, mpiga mbiu wa kuhojiwa kwa ngumi, raia anayeonewa na askari. Kanisa la Acre lenye msalaba mrefu juu yake, minara ya msikiti wa Dameski, kuba la Yerusalemu, vyote viliendelea kumfaa mchezaji hata baada ya kukwewa, kwa kuwa akiwa chini vichochoroni, amezungukwa na kuta, aliviona juu ya mapaa na kujua ameelekea wapi.

Sisemi gemu ile haikuwa na kasoro. Tangu wiki ya kwanza wahakiki walilalamika kwamba kazi zake zinajirudia mji baada ya mji, na walisema kweli. Lakini lawama ile ililenga kazi za chini. Kule juu watu waliendelea kupanda.

Toleo la pili la mwaka 2009 lilihamia Italia ya karne ya 15, na hapo minara ilipata watu. Ezio Auditore anapokwea mnara wa kengele wa Giotto mjini Florence, anakwea jengo ambalo lipo hadi leo na ambalo mgeni yeyote wa mji huo anaweza kulipanda kwa ngazi zake. Mwaka uliofuata, katika Brotherhood, ukoo wa Borgia umeikalia Roma kwa minara yake. Ukitaka kuukomboa mtaa, unamuua kamanda anayeulinda, unapanda, unauchoma moto mnara, na kuanzia hapo maduka ya mtaa huo yanaweza kufunguliwa tena. Nadhani hiki ndicho kilele halisi cha wazo hili. Mnara haukuwa tena jengo la kupandia tu, ulikuwa alama ya utawala, na kuuchoma kulikuwa na maana kwa wakazi walio chini. Lakini papo hapo mbegu ya ugonjwa ilikuwa imeshapandwa. Mchezaji hakupanda ili aone kitu. Alipanda ili kitu kifunguke.

Hatua ya kutoka kuona kwenda kufungua inaonekana wazi zaidi katika mfululizo mwingine wa studio hiyohiyo. Far Cry 2 ilitoka Oktoba 2008 chini ya uongozi wa kibunifu wa Clint Hocking, na hadithi yake iko katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye savana, jangwa na msitu, ambako mchezaji anaumwa malaria na analazimika kutafuta dawa kila mara. Ramani yake ni karatasi inayoshikwa mkononi huku mambo yakiendelea. Ukiitazama ukiwa unaendesha gari, unaweza kugonga mti. Ukitaka kujua kambi ya maadui ina nini, unajibanza kichakani, unatoa darubini, unatazama kimoja kimoja: pale risasi, pale dawa, kule juu mdunguaji. Unachokiona ndicho kinachoingia kwenye ramani. Usichokiona hakiingii, na utakijua kitakapokupiga. Gemu ile iliwakera wengi, hasa kwa vituo vya walinzi vilivyojaa maadui upya kila ulipopita, na kero hiyo ilikuwa ya haki. Lakini kuhusu macho ilikuwa na msimamo: kujua mahali ni kazi ya anayetazama.

Far Cry 3 ikaja mwishoni mwa 2012 na minara 18 ya redio. Kila mmoja umefungwa kifaa kinachozuia mawasiliano. Unaupanda, unakiondoa, na ramani ya eneo lile inafunguka. Niwe mwadilifu: kuipanda kulikuwa na utamu wake. Vyuma vinalia kwa upepo, ngazi zimeng'oka, sakafu zina matundu, na hakuna miwili iliyobomoka kwa namna ileile, hivyo kila mnara ulikuwa fumbo dogo la kupata njia. Tatizo liko kwenye dakika ya kufika. Mara tu kifaa kikiondolewa, kamera inamponyoka mchezaji na kwenda yenyewe kumwonyesha sehemu mbalimbali za eneo, moja baada ya nyingine, halafu inamrudisha. Yaani amepanda kwa jasho mpaka mahali penye mandhari nzuri kuliko zote kisiwani, kisha gemu inatazama kwa niaba yake. Kinachobaki ni kudandia kamba, kushuka na kufuata alama. Juu ya hayo, kila mnara ulileta silaha ya bure dukani, kwa hiyo hata asiyejali ramani alikuwa na sababu ya kuupanda bila kutazama popote.

Far Cry 3 ilipendwa sana, na ikaigwa. Mwaka 2013 Batman: Arkham Origins ilikuwa na minara ya kukatiza mawasiliano. Mwaka 2014 ndio ulivunja mgongo wa wachezaji. Watch Dogs iliijaza Chicago minara ya mtandao wa ctOS. Middle-earth: Shadow of Mordor, ambayo si ya Ubisoft, iliweka minara ya wahunzi. Far Cry 4 ilibadili minara ya redio kuwa ya kengele katika nchi ya kubuni ya Kyrat, huku ikimpa mchezaji kihelikopta chepesi cha kumfikisha juu bila kupanda. Na Novemba mwaka huohuo ikatoka Assassin's Creed Unity.

Unity inastahili kusimamiwa kidogo. Ndani yake kuna Paris ya Mapinduzi ya Ufaransa, na katikati yake kuna kanisa kuu la Notre-Dame ambalo msanii wa studio, Caroline Miousse, alilijenga kwa uangalifu mkubwa, jiwe kwa jiwe. Kanisa la kweli lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, Ubisoft ilichangia euro 500,000 za ukarabati na kuwagawia watu gemu hiyo bure kwenye kompyuta kwa wiki moja, na wengi waliingia kwa nia moja tu ya kulipanda na kulitazama kanisa. Ndivyo kilele kilichojengwa vizuri kinavyoweza kumgusa binadamu. Lakini fungua ramani ya gemu hiyohiyo: makasha ya aina kadhaa, nembo za kuokota, mafumbo, kazi za pembeni, zimebanana hadi mitaa yenyewe haisomeki. Wakati inatoka, baadhi ya makasha hayakufunguka bila programu ya ziada ya simu. Kazi bora ya macho na orodha ndefu ya uokotaji zililala kitanda kimoja, na orodha ikashinda. Mwaka uliofuata, katika Syndicate ya London ya 1868, mchezaji alipewa chombo cha kurusha kamba kinachomvuta hadi juu ya paa kwa sekunde chache. Big Ben ikawa lifti. Kutazama kulikuwa kumeshaondoka, na sasa hata kupanda kukaondoka.

Kwa nini watu wenye vipaji vikubwa hivyo walifikia hapo? Sikubali jibu rahisi la uvivu. Kuanzia 2009 hadi 2015 Assassin's Creed ilitoa gemu kubwa kila mwaka bila kukosa, na kila moja ilijengwa na studio kadhaa za kampuni hiyo zilizo katika nchi tofauti. Kazi ya namna hiyo inahitaji kipimo cha kugawana. Mnara unaigawa ramani katika vipande. Kila kipande kinapewa idadi fulani ya makasha, kambi na mbio. Timu moja inajaza kipande hiki, nyingine kile, na msimamizi anaweza kuhesabu kilichokamilika. Kwa mzalishaji, mnara ni mpaka wa shamba. Kuna pia upande wa mnunuzi. Xbox 360 ilileta tuzo za mafanikio mwaka 2005, PlayStation 3 ikafuata na vikombe vyake mwaka 2008, na wachezaji wakazoea kuipima gemu kwa asilimia ya ukamilifu. Ukubwa wa ramani ukawa tangazo la biashara. Ramani kubwa isiyo na alama inaonekana tupu kwenye picha ya tangazo. Yenye alama mia inaonekana imejaa. Mnara ulisaidia kuzitoa alama hizo kwa mafungu, mtu asizimie kwa kuziona zote siku ya kwanza. Ulikuwa suluhisho la busara kwa tatizo la kiwandani, na ukaacha kuwa suluhisho la tatizo la mchezaji.

Hapa inafaa kukumbuka ramani za kweli zilivyotengenezwa, hata huku kwetu. Wapima ardhi walipanda vilele na chombo cha kupimia pembe, wakalenga kilele cha pili na cha tatu, wakashuka, wakapanda kile cha pili wakalenga nyuma. Mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30 Mashariki, ambao David Gill aliuanzisha huko Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa karne ya 19, ulipita Tanganyika na Uganda kuelekea Misri na ulikamilika mwaka 1954. Katika kazi ile kilele kimoja hakikutosha. Mahali palijulikana kwa kulengwa kutoka zaidi ya upande mmoja, na aliyelenga alikuwa mtu mwenye macho na subira. Mnara wa gemu ulichukua umbo la nje la kazi hiyo, kupanda na kusimama juu, ukaiacha kazi yenyewe.

Mwaka 2015 gemu moja ambayo haikupata heshima iliyostahili, Mad Max ya studio ya Avalanche, ilionyesha njia nyingine. Badala ya minara iliweka maputo ya hewa moto yaliyofungwa kwa kamba jangwani. Unapaa, unatoa darubini, na ni lazima uzungushe macho mwenyewe uitafute ngome, mabaki ya meli, moshi kwa mbali. Ukikilenga kitu kinaingia kwenye ramani. Alama zilibaki nyingi mno, ila angalau zilipatikana kwa jicho la mchezaji.

Jibu kamili lilitoka Japani tarehe 3 Machi 2017. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyoongozwa na Hidemaro Fujibayashi, inaanza kwa kijana Link kutoka pangoni na kusimama kwenye ukingo wa jabali, nchi nzima ikiwa mbele yake: mlima wa moto, ngome iliyozungukwa na giza, vilima, mito. Kuna minara 15. Ukifika juu ya mmoja, ramani ya eneo inafunguka, lakini inachokupa ni sura ya ardhi. Mahekalu hayaonyeshwi. Hazina hazionyeshwi. Unabaki na darubini na pini chache za rangi. Ukiona kitu kinang'aa bondeni, unakilenga na kukitia pini mwenyewe, au unagonga muhuri uliouchagua kwenye ramani: fuvu pale ulipokimbizwa, sufuria pale pa kupikia. Baada ya saa nyingi ramani yako haifanani na ya mwenzako. Kufika mnarani nako kulitaka akili, kwa sababu mmoja umezungukwa na miiba, mwingine na matope, mwingine na mashine za kuua, na mvua ikinyesha mikono inateleza.

Baadaye mwaka huo wabunifu wake walieleza, katika mkutano wa watengenezaji gemu wa Japani, CEDEC, kwamba ardhi ile ilichongwa kwa pembetatu. Kilima chenye umbo la pembetatu kinamfanya mtu aamue kukipanda au kukizunguka, na kinaficha kilicho nyuma yake mpaka utakapofika juu au ubavuni. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa minara, na ile 15 iliyojengwa ilikuwa mikubwa tu kati ya mingi. Sijaona hoja ya ubunifu iliyonishawishi kuliko hiyo: kupanda hakuchoshi ikiwa kila kilele kinakuonyesha jambo ambalo chini hukuweza kuliona, na kinakuachia wewe kulitambua.

Mwaka huohuo Guerrilla ya Amsterdam ilitoa Horizon Zero Dawn, ambamo mnara unatembea. Ni mashine kubwa yenye umbo la twiga inayozunguka njia yake bila kujali mtu, na mchezaji hutafuta jabali la kuidandia inapopita. Ni wazo zuri la kupanda, nalo lilipendwa. Ila ukifika kichwani, yanatokea yaleyale ya Far Cry 3: alama zinamwagika. Assassin's Creed Origins, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilivibakisha vilele vyake, ukiwamo mnara wa taa wa Aleksandria na ncha ya piramidi ya Giza, lakini kazi ya kilele ikapunguzwa kuwa kituo cha kusafiria papo hapo na njia ya kumnoa tai aitwaye Senu, ambaye ndiye anayeruka na kuwatambua maadui kwa niaba ya mchezaji. Macho yalihamishiwa kwa ndege. Na alama za kuuliza zikaenea ramani nzima.

Halafu ikaja zamu ya kung'oa. Mwanzoni mwa Far Cry 5, ya Machi 2018, mchezaji anaelekezwa apande mnara mmoja wa redio, na anayemwongoza anamtuliza kwamba hatamtuma kuzunguka wilaya nzima akipanda minara. Kampuni iliyoisambaza desturi iliomba radhi kwa mzaha. Minara ya upelelezi ya polisi iliyokuwa katika Marvel's Spider-Man ya 2018 haikuonekana katika toleo la pili la 2023. Hivyo mnara ukaondoka. Tazama basi kilichobaki: unatembea na alama zinajitokeza zenyewe, mtu unayemwokoa anakutajia mahali na alama inatokea, unasoma kibao na alama inatokea. Njia ya kuzipata imekuwa laini zaidi, na kwa hiyo imekuwa vigumu zaidi kuziona kuwa ni tatizo. Zamani angalau kulikuwa na mnara wa kuulaumu.

Wachache walikwenda kwenye mzizi. Ghost of Tsushima, ya Julai 2020, iliondoa kiramani cha pembeni na kuuachia upepo uelekeze. Unaangalia nyasi zinalalia wapi, moshi unapanda wapi, ndege wa njano anaruka kuelekea wapi. Elden Ring, iliyotoka Februari 2022 chini ya Hidetaka Miyazaki, inaficha vipande vya ramani kwenye nguzo za mawe kando ya njia, na hata ukivipata vinakupa mchoro wa nchi: msitu, magofu, barabara inayopotea. Lazima uusome mchoro na kujiuliza yale magofu yana nini. Gemu zote mbili zilifanikiwa sana, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba wachezaji wa leo hawataki kutafuta.

Hata Assassin's Creed yenyewe imeanza kurudi nyumbani. Odyssey ya 2018 ilileta namna ya kucheza ambamo mahali pa kwenda hutajwa kwa maneno, kama kusini mwa wilaya fulani au karibu na mlima fulani. Shadows, iliyotoka tarehe 20 Machi 2025, inatupeleka Japani ya karne ya 16 pamoja na Naoe na Yasuke, huyu wa pili akiwa Mwafrika aliyeishi kweli na kumtumikia Oda Nobunaga. Ukifika kileleni humo, humwagiwi kila kitu. Unaonyeshwa maeneo yanayoonekana kutoka uliposimama na kuachiwa uyatazame. Yasuke, kwa uzito wa mwili wake, hawezi kupanda vilele vyote anavyovipanda Naoe. Bado ni hatua ndogo, lakini inaelekea upande ulio sahihi, na imemchukua muasisi wa desturi hii miaka zaidi ya 17 kuipiga.

Wapo watakaosema ninadai mengi mno kwa mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku na ana saa moja ya kucheza. Hoja hiyo naichukua kwa uzito. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako watu hulipia kwa mechi au kwa muda, kandanda ndilo linalotawala, na sababu iko wazi: gemu inayotaka saa arobaini haikai vizuri kwenye kiti cha kukodi. Aliyeiacha gemu wiki tatu anahitaji kukumbushwa alikuwa wapi. Mwenye uoni hafifu anahitaji alama kubwa, na ana haki nayo. Lakini msaada wa hiari ni jambo moja, na dunia iliyojengwa kwa namna ambayo bila alama haichezeki ni jambo jingine. Zima alama katika gemu nyingi za miaka ya 2012 hadi 2016 na utakuta hakuna anayekueleza kwa maneno uende wapi, hakuna moshi, hakuna jengo lililowekwa pale ili ulione. Mandhari yalikuwapo kama pambo. Kosa halikuwa kuweka alama, kosa lilikuwa kuacha kujenga kitu kingine chochote cha kumwongoza mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba minara ilistahili kupungua, lakini ilihukumiwa kwa kosa lisilo lake. Kwa kijana anayejifunza kutengeneza gemu leo, popote alipo, ningemwomba asiulize kama aweke mnara au asiuweke. Aulize mtu akisimama pale juu ataona nini ambacho hakikuonekana chini, na kama kuona huko kutatosha kumfanya ashuke na kwenda. Na kwa mchezaji: ukianza gemu ya dunia huru, ingia kwanza kwenye mipangilio, zima kiramani na alama zote zinazoweza kuzimwa, panda mahali palipoinuka, na utazame pande zote kabla hujafungua ramani.